Wazungu Wanahamia Ufilipino Kusaka Maisha ya Pole Pole, Lakini Hiyo Pole Pole Ndio Inawatoa Jasho

Jenga hii picha kwa akili. Kuna msee wa miaka 50 na kitu kutoka Marekani, amechoka na maisha ya kukimbizwa na saa. Bosi anampigia simu saa za kudishi, bili haziishi, na jirani wa miaka 10 hata hajui jina lake. Jioni anacheki video za watu wakikula maembe ufukweni huko Ufilipino, anajiambia, "Hii sasa ndio life." Anauza gari, anafunga mabegi mawili, anatua Cebu.

Wiki ya kwanza ni raha tupu. Wiki ya pili waifai inakufa. Anapigia fundi, fundi anamjibu kwa upole kabisa: "Mamaya, sir." Yaani baadaye. Jamaa anavuta kiti, anakaa mlangoni. Saa nane inapita, saa kumi inapita, giza linaingia. Fundi hakuna. Kesho yake pia hakuna. Siku ya tatu fundi anatokea na pikipiki, mtoto wake amekaa nyuma, tabasamu mpaka masikioni. Hata kabla hajashika waya anauliza kama mwenye nyumba amekula.

Kuna mgeni atacheka, achukue kiti cha pili amkaribishe fundi. Na kuna mwingine atawaka moto, apige kelele mpaka majirani watoke. Hao wawili wamefika Ufilipino na ndege moja, lakini baada ya mwaka mmoja mmoja atakuwa anaalikwa kila harusi ya mtaa, na mwingine atakuwa anatafuta tiketi ya kurudi kwao akisema hiyo nchi haifanyi kazi.

Najua wewe hapo Nairobi umeshaanza kucheka. Si sisi ndio wenye "niko hapo tu roundabout" na bado mtu anaoga? Tulia kwanza. Hii stori inakuhusu kuliko unavyodhani, hasa kama unafanya wera za mtandaoni, ama una siste ama kazin aliye Gulf anakofanya kazi bega kwa bega na Wafilipino. Rada ni kwamba pole pole ya Ufilipino si kitu kimoja. Ziko tatu, na ukizichanganya utaumia.

Hata serikali yao inaijua hii tabia

Wafilipino wenyewe wana jina lake: "Filipino time". Ni ndugu wa baba mmoja na ile "African time" yetu. Ukialikwa pati saa kumi na mbili jioni, ukifika saa kumi na mbili kamili unaweza kupata mwenye nyumba bado ako na taulo. Wengi wanaona aibu kuwa wa kwanza kufika, isije ikaonekana umekimbilia chakula. Na ukimpigia mtu atakwambia "papunta na ako", niko njiani. Njiani kutoka kitandani kwenda bafuni, lakini njiani.

Usidhani wameikubali tu na kuifunga. Mwaka 2011 wizara yao ya sayansi na teknolojia ilianza kampeni iliyoitwa "Juan Time". Juan dela Cruz kule ni kama Wanjiku hapa kwetu, ni lile jina la mwananchi wa kawaida. Mwaka 2013 wakapitisha sheria kabisa, Sheria nambari 10535, inayotaka ofisi za serikali zionyeshe saa moja rasmi ya nchi nzima, na wiki ya kwanza ya Januari ikawa wiki ya kukumbusha watu kuheshimu muda. Unaona hiyo? Nchi imetenga wiki nzima ya kuambia wananchi wafike mapema.

Na kama unapenda mambo ya ajabu, shika hii. Ufilipino iliwahi kupoteza siku nzima. Wahispania waliotawala visiwa hivyo walikuwa wakifika kupitia Meksiko, kwa hivyo kalenda ya Manila ilihesabiwa kwa upande wa Amerika na ikawa nyuma ya majirani wake wa Asia kwa siku 1. Ili kurekebisha, gavana Narciso Clavería aliamuru tarehe 31 Desemba 1844 irukwe. Watu walilala tarehe 30, wakaamka mwaka mpya. Kwa hivyo huko, wakati umekuwa kitu cha kupangwa na mtu mwingine tangu kitambo.

Pole pole ya kwanza: ya heshima

Hii ndio wageni wengi huikosea kwanza.

Kwa Mfilipino, mtu yuko mbele ya ratiba. Kabla ya biashara kuna salamu. Kabla ya swali kuna "po", kaneno kadogo unakoongeza kwa sentensi kuonyesha heshima kwa mkubwa wako ama kwa mtu usiyemjua. Dereva, mlinzi, muuza duka, wote unawaita Kuya, kaka mkubwa, ama Ate, dada mkubwa. Ni vile sisi tunasema brathe, siste, mathee. Ukipita mahali watu wanakula, utasikia "kain tayo", njoo tule. Mtu wa Pwani anaijua hiyo, kwa sababu hata Lamu huwezi kupita mtu anakula usisikie "karibu".

Sasa weka mzungu wa haraka hapo kati. Anaingia dukani, hasalimii, anasema anataka nini, anaweka pesa, anangoja chenji akigongagonga meza na vidole. Kwake yeye ameokoa dakika mbili. Kwa yule muuzaji, amemtukana.

Kuna neno linaitwa "hiya". Wengi hulitafsiri aibu, lakini limebeba zaidi ya hapo. Ni ile hofu ya kupoteza uso mbele ya watu, na pia ni wajibu wa kutomfanya mwenzako apoteze uso wake. Ndio maana Mfilipino atakwepa sana kukuambia "hapana" kavu. Atasema "susubukan ko", nitajaribu. Mgeni anaandika kwa kalenda kwamba jambo limekubaliwa. Lakini wewe Mkenya unajua vizuri sana maana ya "tutaangalia". Unajua maana ya "tutaongea". Ukiambiwa hivyo na landlord kuhusu bomba linalovuja, wewe mwenyewe unaenda kutafuta fundi.

Mwanasaikolojia Mfilipino Virgilio Enriquez, ambaye miaka ya 1970 alisukuma sana wasomi wao waache kupima watu wao kwa vipimo vya Ulaya na Marekani, alisema kiini cha haya yote ni neno "kapwa". Yaani mwenzako si mtu wa nje, ni sehemu yako. Bibi yako kule ocha angekwambia ni utu, na stori ingeishia hapo.

Niliingia box kwa kutojua hii

Wacha nikupe yangu. Nilipotoka college kabla ya kumaliza, sababu ni ile tu unaijua, karo, nilijitosa kwa kazi za kuandika mtandaoni. Kiongozi wa timu yetu alikuwa mdada wa Ufilipino. Sisi wengine tulikuwa wa kila mahali, na wote tuko kwa grupu moja ya WhatsApp.

Mwezi mmoja malipo yakachelewa. Siku ya kwanza nikanyamaza. Siku ya tatu landlord alikuwa ameshagonga mlango mara mbili. Nikaingia kwa grupu, mbele ya watu wote, nikaandika kwa hasira: pesa yangu iko wapi, ama mnadhani tunakula hewa? Sikusalimia, hata jina lake sikutaja.

Alijibu mstari mmoja: "Sorry po, I will check." Pesa ikaingia kesho yake. Mimi nikajipiga kifua. Lakini wiki zilizofuata kazi ikapungua. Zile makala ndefu zenye doh nzuri zikawa zinaenda kwa wengine. Hakuna aliyenitukana wala kuniuliza kitu. Kimya tu.

Jamaa mwingine Mfilipino ndiye alinivuta inbox. Akaniuliza, "Ulijua kwamba wiki hiyo kimbunga kilipita kwao?" Stima ilikuwa imepotea mtaani mwao. Yule mdada alikuwa anabeba laptop kila siku kwenda mall kutafuta pahali pa kuchaji, apange foleni ya soketi, ndio ashughulikie malipo ya watu ambao hajawahi kuonana nao. Mimi nilikuwa nimeona uzembe. Kumbe alikuwa anakimbia kuliko mimi.

Nilimwandikia faragha, nikamuomba msamaha, nikamuuliza kama nyumba iko salama na kama amekula. Tulibonga kama nusu saa bila kutaja kazi. Kazi ilirudi, lakini pole pole.

Pole pole ya pili: ya mvua, jua na barabara

Hicho kimbunga kinatuleta kwa pole pole nyingine, na hii haina uhusiano wowote na tabia ya mtu.

Ufilipino ni visiwa 7,641. Kila mwaka vimbunga kama 20 hivi huingia eneo lao la bahari. Kukiwa na onyo, meli hazitoki. Huwezi kugombana na nahodha, huwezi kuita meneja. Unakaa bandarini, unanunua kahawa, unangoja. Harusi itasogea, mzigo utachelewa, shule zitafungwa. Aprili 2024 shule nyingi zilisimamisha masomo ya darasani kwa sababu ya joto peke yake.

Halafu kuna jam. Unadhani Waiyaki Way na Mombasa Road zimekupika? Ripoti ya TomTom ya mwaka 2023 iliweka Metro Manila juu kabisa kati ya majiji makubwa iliyoyapima: kilomita 10 zilichukua wastani wa dakika 25 na sekunde 30. Barabara ya EDSA jioni ya Ijumaa ikinyesha, wewe piga simu nyumbani waambie wafunge mlango.

Usafiri wenyewe ungeuzoea haraka sana. Kuna jeepney, zile mat zao za rangi zote zilizozaliwa kutoka kwa magari ya jeshi la Marekani yaliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa steji haiendi mpaka ijae, kama tu nganya ya Githurai. Ukiketi nyuma unatoa nauli unasema "bayad po", abiria anampa abiria mwingine mpaka ifike kwa dere, na chenji inarudi vivyo hivyo. Ukitaka kushuka unasema "para po". Mgeni aliyezoea treni ya saa 2:14 kamili anashangaa: "Hii inaondoka saa ngapi?" Jibu ni ikijaa.

Katika hali kama hiyo ndio utasikia "bahala na". Wageni hulitafsiri kama "liwalo na liwe", wakasema ni mtu amekata tamaa. Mwanasaikolojia Alfredo Lagmay alichunguza hilo neno miaka ya 1970 akaona tofauti. Alisema watu hulitumia pale wameshaamua kuingia kwa jambo gumu bila kujua litaishaje, kwa hivyo linawapa moyo wa kuendelea. Ni kama vile wewe husema "acha tu niende, Mungu mbele" ukipanda basi la usiku kwenda intavyuu na nauli ya kwenda peke yake.

Pole pole ya tatu: ya ofisi

Hii sasa hakuna anayeipenda, na Wafilipino wenyewe ndio wa kwanza kuilaani.

Ni ile foleni ya kuanza alfajiri. Fomu tatu za jina moja. Nakala, halafu nakala ya nakala. Dirisha 4 wanakutuma dirisha 9, dirisha 9 wanakurudisha dirisha 4. Mgeni anaijua hasa kwa ofisi ya uhamiaji, kwa sababu mtalii anayekaa zaidi ya siku 59 lazima achukue kitambulisho cha mgeni, na kila akitaka kuongeza muda arudi tena kulipa na kujaza. Wale wa nchi zisizohitaji visa ya kuingia wanaweza kuongeza mpaka jumla ya miezi 36, kwa hivyo hesabu mwenyewe hizo safari za ofisini.

Kosa la wageni wengi ni kudhani hii nayo ni "utamaduni", kwamba Wafilipino wanaifurahia. Wapi! Mwaka 2007 walitunga sheria ya kupambana na urasimu. Mwaka 2018 wakaiongezea meno na Sheria nambari 11032: jambo rahisi lishughulikiwe kwa siku 3 za kazi, gumu kiasi siku 7, na la kitaalamu sana siku 20. Wakaunda na mamlaka ya kupokea malalamiko. Mtu anayechukia foleni mpaka anaitungia sheria, huwezi kumwambia kwamba foleni iko kwa damu yake. Ni kama mtu akwambie Wakenya hupenda jam, kwa sababu kila siku anawaona wamekaa ndani yake.

Kwa hivyo shika hii: pole pole ya heshima unaifuata, ya mvua unaivumilia, na ya ofisi unabeba nakala za ziada, kalamu, maji na power bank. Na hata hapo dirishani usipaze sauti. Yule mwenye muhuri akiaibika mbele ya watu, faili yako itajifunza kuogelea. Tena mgeni anayedharau maafisa anaweza kuorodheshwa kama mtu asiyetakikana na akatimuliwa nchini. Hiyo si vitisho, ni uwezo ambao idara yao ya uhamiaji iko nao na huutumia.

"Ni wavivu tu"? Hiyo stori ilijibiwa mwaka 1890

Ukikaa baa yoyote ya wageni, bia ya tatu ikiingia utasikia mtu akisema: "Shida ya hawa watu ni uvivu."

Hiyo lugha ni ya zamani. Wahispania waliisema kwa karne tatu. Mwaka 1890 José Rizal, daktari na mwandishi ambaye leo ndiye shujaa wao mkubwa, aliijibu kwa makala ndefu kwenye gazeti la La Solidaridad lililochapishwa Uhispania. Hakukataa kwamba watu walikuwa wakifanya kazi polepole. Aliuliza kwa nini. Akataja joto, akasema hata Mzungu akifika huko hafanyi kazi kwa mwendo wa kwao, tena anazungukwa na watumishi na kila mahali anaenda kwa gari la farasi. Akakumbusha kwamba kabla ya Wahispania watu wa visiwa hivyo walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa kuvuka bahari. Kisha akataja kazi za kulazimishwa, vita, na mfumo ambao mkulima akitoa jasho mwingine anavuna. Mtu atakimbilia nini kama mwisho wa mbio hakuna chake? Serikali ya Uhispania ilimpiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896.

Mwaka 1977 msomi Syed Hussein Alatas aliandika kitabu kizima kuhusu uongo huo wa "mwenyeji mvivu", akilinganisha Wafilipino, Wamalei na Wajava. Na sisi hapa Kenya hatuhitaji kutafsiriwa. Walowezi walisema hayo hayo kuhusu babu zetu, kisha wakaleta kodi ya kibanda na kipande shingoni ili kuwalazimisha wafanye kazi kwa mashamba yao. Mtu anayeitwa mvivu mara nyingi ni mtu aliyekataa kukufanyia kazi kwa bei yako.

Hiyo pole pole yako nani anailipia?

Hapa ndio pahali pa kukaa macho.

Yule mgeni wetu wa Cebu ameanza kutulia. Anaamka saa tatu, anakunywa kahawa akitazama bahari. Anaandikia marafiki, "Hapa maisha hayana haraka." Lakini mama aliyempikia hiyo kahawa aliamka saa kumi alfajiri. Yule mlinzi wa geti anafanya shifti ya saa 12. Kule Manila, kuna mtu anaishi Cavite ama Bulacan ambaye anatoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza kwa sababu ya jam. Na zaidi ya watu milioni 1 wanafanya kazi kwa vituo vya simu na ofisi za namna hiyo, wengi usiku kucha, kwa sababu New York ikiwa saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi, Manila ni saa tatu usiku. Huko ukichelewa dakika tano, mshahara unajua.

Wana neno "diskarte", ule ujanja wa kutafuta njia pasipo na njia. Wana "raket", kibarua cha pembeni. Wana "tingi", kununua kidogo kidogo: shampoo ya pakiti, sigara moja, kitunguu saumu punje tatu kutoka kwa kiduka cha dirishani. Hiyo ni kadogo economy yetu, kitu na boksi. Wana "paluwagan", kila mtu anachanga na mmoja anapokea kwa zamu, yaani merry-go-round ya mathee wako. Watu wa raket tatu na paluwagan mbili utawaitaje wavivu?

Ukweli ni kwamba maisha ya pole pole yanauzwa. Anayeyanunua ni yule pesa yake inatoka nchi nyingine na matumizi yake yako hapa. Hakuna dhambi kuyanunua. Dhambi ni kulala kwa kitanda ambacho mwingine amekitandika saa kumi alfajiri, halafu uamke umwambie hajui kufanya kazi.

Kama wewe ndio unaenda, ama unafanya kazi nao

Hili si jambo la wazungu peke yao tena. Aprili 2025 Rais Ferdinand Marcos Jr. alitia saini amri ya kuanzisha visa ya watu wanaofanya kazi kwa intaneti huku wakilipwa kutoka nje, ya hadi mwaka 1 na inaweza kuongezwa. Ubalozi wao uko hapa hapa Nairobi. Na hata usiposafiri, kesho timu lida wako anaweza kuwa Mfilipino. Kwa hivyo:

Salimia kwanza, tena kwa jina. Dakika moja ya "umeamkaje, umekula?" itakuokolea wiki ya kimya.

Malalamiko peleka faragha. Kwa grupu unasifu, kwa inbox unarekebisha. Ningejua hii mapema, ningekula vizuri ule mwezi.

Uliza swali ambalo jibu lake si ndio. Badala ya "utamaliza kesho?" uliza "unaona itaisha siku gani?" Mpe mtu njia ya kusema ukweli bila kuaibika.

Usipange mambo mawili makubwa siku moja. Benki asubuhi na uhamiaji mchana ni ndoto. Chagua moja, ukibahatika la pili ni bonasi.

Jua kalenda yao. Nyimbo za Krismasi zinaanza Septemba, sitanii. Alhamisi na Ijumaa ya Wiki Takatifu hata mall nyingi zinafunga. Novemba 1 watu wako makaburini na familia. Usianze kutafuta fundi siku hizo.

Kumbuka tofauti ya saa. Wako mbele yetu kwa saa 5. Ukituma meseji saa moja jioni, kwao ni saa sita usiku. Kama hajajibu, hajakuringia, amelala.

Lipa kwa wakati. Hapa hakuna Filipino time wala African time. Yule mama wa kahawa, fundi, mtu wa tricycle, wote wana mtoto wa shule. Ukitaka pole pole, ianze na wewe kungoja, isianze na wao kungoja doh yao.

Turudi kwa yule fundi wa waifai. Siku tatu alikuwa wapi? Pengine kulikuwa na matanga kwa jirani, na huko mtu haachi matanga kwa sababu ya waya. Pengine ana raket tatu na wewe ulikuwa wa nne. Pengine alizubaa tu, maana mafundi ni mafundi dunia nzima. Hutajua mpaka umuulize, na huwezi kumuuliza kama ulianza na kelele.

Mimi siku hizi kabla sijaandika "pesa iko wapi" huwa naandika "habari ya huko, mvua imepungua?" Mara nyingi pesa inafika kabla sijauliza. Na ikichelewa, angalau najua imekwama wapi, na ni nani anayekimbia nayo.